Kibao cha shule yangu kimekatwa njia panda na ada nimelipa. Nani hasa mwenye kauli juu ya vibao vya barabarani Dar?

#1 Mama_Awali
Habari zenu wakuu.

Nina shule ndogo ya chekechea, watoto hawazidi sitini. Ipo ndani, kama mita mia nne kutoka barabara kubwa: unapita gereji, unapita msikiti, unavuka mtaro. Bila kibao pale njia panda mzazi mgeni hafiki. Kwa hiyo miaka minne iliyopita nilichomelesha kibao cha chuma, futi nne kwa tatu, miguu miwili, nikakisimika kwa zege pale kona. Kila mwaka nalipa ada ya bango. Kontroo namba wananitumia kwa simu, risiti zote zipo kwenye faili.

Jumatatu ya wiki iliyopita nimefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kibao hakipo. Vimebaki vipande vya miguu, kama shubiri moja juu ya zege. Cha gereji nacho hakipo. Cha baa kipo. Bango kubwa la kampuni ya simu lipo, tena limebandikwa tangazo jipya. Mwavuli wa wakala wa pesa upo.

Nimekwenda ofisi mbili. Ya kwanza wamesema vibao vya barabarani ni vya watu wa barabara. Ya pili wamesema nikamuulize anayepokea ada yangu. Sasa naomba mnieleweshe: nani mwenye mamlaka ya kusema kibao kikae wapi, na huyu aliyepokea ada miaka minne alikuwa ananiuzia kitu gani?

#2 Mbuyuni77
Pole sana dada. Manispaa gani?

#3 Mama_Awali
Naomba nisiitaje, wala ofisi nilizokwenda. Bado nawahitaji hao watu, na sina uhakika nani kakata.

#4 Kigogo_Luhanga
Jibu fupi: umesimika ndani ya hifadhi ya barabara. Mita 22.5 kutoka katikati ya barabara kwenda kila upande ni mali ya barabara. Ukiweka kibao, genge, banda la chipsi, vyote vinaondoka bila fidia.

#5 Mpimaji_Mstaafu
#4 nakusahihisha kidogo. 22.5 ni hesabu ya zamani, hifadhi ilipokuwa mita 45 kwa jumla. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake za 2009 zimeifanya mita 60, yaani 30 kila upande, kwa barabara kuu na za mikoa. Ndiyo maana kulikuwa na X za rangi mbili kwenye nyumba za watu. Aliye ndani ya 22.5 alipigwa nyekundu, hana chake. Aliye kati ya 22.5 na 30 alipigwa ya kijani, huyo analipwa fidia siku eneo litakapohitajika.

Na usitumie hata hiyo 30 kila mahali. Morogoro Road kuanzia Kimara Stop Over kwenda Kiluvya, hifadhi iliyosimamiwa kwenye bomoabomoa ya 2017 ilikuwa mita 121.5 kila upande.

Mama Awali, barabara unayoiita kubwa ni ya TANROADS au TARURA? Hapo ndipo pa kuanzia.

#6 Mama_Awali
Ile kubwa naambiwa ni ya TANROADS. Inayoingia kwangu ni ya mtaa, ina lami ya juzi tu, nadhani TARURA. Kibao kilikuwa kwenye pembe zinapokutana.

#7 Kona_ya_Bwiru
Basi umekaa kwenye pembe ya wenyewe watatu. TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, TARURA tangu 2017 kwa barabara za wilaya na mitaa, halmashauri kwa ada. Kila mmoja anakushika upande wake.

#8 Tabata_Relini
Mbona mnasema halmashauri? Ada ya mabango ni TRA, mamlaka ya mapato.

#9 Karani_wa_Kata
#8 ilikuwa TRA. Ilihamishiwa huko mwaka wa fedha 2017/18, bajeti ya 2021 ikairudisha upande wa TAMISEMI, yaani halmashauri. Watu wengi bado wanachanganya, wengine wana risiti za pande zote mbili kwenye faili moja.

Na Dar halmashauri ni tano: Jiji (iliyokuwa Ilala mpaka Februari 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kila moja ina sheria ndogo zake, zinazotungwa chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa namba 9 ya 1982 na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hiyo alichofanyiwa mtu wa Kigamboni usikichukue moja kwa moja ukakipeleka Ubungo. Dada, nenda kaombe nakala ya sheria ndogo ya mabango ya kwenu. Ni haki yako kuisoma.

#10 Mbuyuni77
#9 asante, hili la sheria ndogo sikulijua.

#11 Mtu_wa_Mabango
Nimefanya kazi miaka sita kwenye kampuni ya matangazo, nieleze tunavyofanya.

Bango kubwa linapelekewa maombi yenye mchoro wa mahali, picha ya eneo, mchoro wa chuma uliosainiwa na mhandisi, na barua ya mwenye barabara kwamba hana pingamizi. Hiyo barua ndiyo roho ya kila kitu. Bila hiyo, ada unayolipa ni ada ya kutangaza tu, inakokotolewa kwa ukubwa wa uso wa bango, na lenye taa lina kiwango chake. Haisemi chochote kuhusu ardhi uliyochimba shimo.

Mama Awali, angalia risiti yako. Imeandikwa ada ya bango au kibali cha kutumia hifadhi ya barabara? Ni vitu viwili.

#12 Mama_Awali
Nimeangalia zote nne. Ada ya bango. Hakuna neno barabara popote.

Lakini aliyekuja kupima kibao mwaka wa kwanza alikuja na futi kamba, akasimama palepale kwenye kona, akaandika "njia panda" kwenye fomu yake. Hakuniambia hapa hapafai. Ningehamisha siku ileile.

#13 Mbagala_Zakhem
Hapo #12 umegusa penyewe. Ofisa anakiona kibao kilipo, anakipima, anakitoza. Mwananchi atajuaje kuwa kipo kimakosa? Kama mahali si halali basi na ada isipokelewe.

#14 Mtu_wa_Mabango
#13 naelewa uchungu, ila anayetoza hana mamlaka na ile ardhi. Hata leseni ya biashara hutolewa na haimaanishi fremu yako haipo juu ya mtaro.

#15 Mbagala_Zakhem
Basi wakae meza moja kabla ya kumpa mtu kontroo namba. Sasa hivi leseni za biashara tunaombea kwenye mfumo wa TAUSI bila kupanga foleni. Inashindikana vipi kuongeza kipengele cha kumuuliza mwenye barabara?

#16 Fundi_Buza
Nyie mnagombana na sheria, mimi nachomelea vibao kwa kazi. Mama, niambie hivyo vipande vya miguu vimekaaje. Vimekatwa sawasawa au vimechanika? Pembeni kuna rangi ya buluu?

#17 Mama_Awali
Kaka nimetoka kuviangalia sasa hivi. Mguu wa kushoto umekatwa sawa kabisa, ukingoni una buluu na zambarau, na juu ya zege kuna unga mweusi. Wa kulia umekatwa karibu nusu, halafu umekunjwa hadi ukachanika.

#18 Fundi_Buza
Hiyo ni grainda. Buluu ni moto wa jiwe la kukatia. Mguu wa pili jiwe liliwaishia, au waliharakishwa, wakaukunja kwa nguvu.

Mwizi wa chuma chakavu hakati hivyo. Anachimba, anaondoka na bomba lote na zege lake, mbele ya safari analivunja kwa nyundo. Chuma chakavu ni kilo, hakuachii shubiri mbili za bomba la inchi mbili. Waliokuja wana jenereta au grainda ya betri, na wana gari. Ni kikosi cha kazi hicho.

#19 Kinyerezi_Mwisho
Fundi nakuheshimu ila si lazima. Mtaani kwetu mwezi uliopita wamekata komeo la geti kwa grainda ya betri saa tisa usiku, na ni vibaka wa kawaida tu. Vifaa hivyo siku hizi vipo mikononi mwa kila mtu.

#20 Fundi_Buza
Komeo ni kazi ya dakika moja. Kibao cha miguu miwili na cha gereji juu yake, makelele yote hayo, hakuna aliyesikia? Mlinzi wa baa alikuwa wapi?

#21 Mama_Awali
Mlinzi wa baa anasema kulikuwa na pikapu nyeupe, vijana wamevaa vizibao vya kuakisi mwanga. Hakuuliza kitu, alidhani ni watu wa mtaro. Na kweli wiki ile walikuwa wanachimba mtaro upande wa pili.

#22 Kona_ya_Bwiru
Basi ni mkandarasi wa mtaro. Wanasafisha njia yao ya kazi, na vibao vidogo ndivyo vinaanza.

#23 Kigogo_Luhanga
Au kuna mtu anaitaka hiyo kona. Subiri mwezi mmoja uone nani ataweka chake hapo.

#24 Daladala_Gongo
Mimi ni dereva, nisemeni vyovyote. Kona zenye vibao ndizo zinatumaliza. Unatoka mtaa wa ndani unaingia barabara kubwa, kushoto kuna kibao cha hosteli, cha duka la dawa, cha saluni, cha fundi simu, vimepangana kama ukuta usawa wa macho. Boda anakuja huyo, humwoni mpaka umeshamfikia. Nimeshapiga breki nikamwaga abiria ndani kwa ajili hiyo. Hata wakikata vyote mimi sitasikitika. Samahani dada, sikusemi wewe.

#25 Mama_Awali
#24 sijakasirika. Watoto wangu nao wanavuka pale.

#26 Bint_Mzizima
Nimesoma tangu juu nikawa nasita kuandika.

Baba yangu haoni. Ana fimbo nyeupe, anakwenda msikitini mwenyewe kila alfajiri na magharibi, hataki kushikwa mkono. Fimbo inamwambia kilicho chini. Kibao chenye mguu mmoja na bati pana juu, fimbo inapita pembeni ya mguu, bati linampiga usoni. Mwaka jana ukingo wa bati ulimchana juu ya jicho, nyuzi tano. Kibao kilikuwa cha mtu mwema tu, jirani, alikuja kutuomba radhi mpaka akalia. Alikuwa amelipa ada, akatuonyesha na risiti.

Siku ile nilitaka kujua nani alipaswa kumwambia yule jirani kwamba bati likae juu ya kichwa cha mtu au lisikae kabisa kwenye njia ya miguu. Mtendaji wa mtaa alisema hahusiki na vipimo. Mpaka leo sijapata jibu. Jirani alikiondoa mwenyewe.

#27 Mbuyuni77
#26 Mungu amponye mzee. Hili la urefu wa bati kutoka chini hakuna hata mmoja wetu aliyelitaja.

#28 Mtu_wa_Mabango
#26 poleni sana. Kwenye mabango makubwa tunabanwa kwa urefu huo, vibao vidogo havifuatiliwi kabisa. Na si vidogo tu vyenye hatari. Mei 2024 kule Mumbai, India, bango la kama futi 120 kwa 120 liliangushwa na dhoruba juu ya kituo cha mafuta, wakafa watu 17. Ukubwa ulioruhusiwa ulikuwa futi 40 kwa 40. Mimi huwa natazama mabango yetu upepo wa masika unapoanza, na zipo nguzo ambazo nisingepaki gari chini yake.

#29 Sinza_Kumekucha
São Paulo, Brazili waliamua kuondoa mabango yote ya nje mwaka 2007. Mji mzima. Na maisha yanaendelea.

#30 Tabata_Relini
São Paulo nyumba zina namba na watu wanazitumia. Sisi kibao ndiyo ramani. "Shuka kwenye kibao cha zahanati, ingia kulia, ukifika kibao cha mkaa uliza." Ukiondoa vibao Tabata nzima itapotea.

#31 Karani_wa_Kata
#30 na sisi namba tunazo. Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 imeweka namba za nyumba na nguzo za majina ya mitaa. Tatizo hatuzitumii.

#32 Tabata_Relini
Nguzo ya mtaa wetu ililala mwaka uleule, ilipigwa na lori la mchanga. Jina la mtaa wenyewe nimelijua kwa kulisoma likiwa limelala chini.

#33 Sinza_Kumekucha
Umelisoma likiwa chini kwa kuwa ulikuwa hulijui, Tabata bwana!

#34 Kijiweni_Mtoni
Turudi kwenye hoja. Kuna kitu hamjakigusa. Mama Awali ana SHULE. Kwenye hotuba ya bajeti ya 2017/18 zilifutwa ada na ushuru mwingi wa halmashauri, na mojawapo ni ushuru wa mabango yanayoelekeza mahali zinapopatikana huduma za jamii, mfano shule na hospitali. Kwa maana hiyo hakupaswa kulipa hata senti kwa kibao chenye mshale.

#35 Mama_Awali
#34 subiri kidogo. Unasema miaka minne yote hii?

#36 Kijiweni_Mtoni
Kibao chako kilikuwa kimeandikwaje?

#37 Mama_Awali
Jina la shule, mshale, "mita 400", namba ya simu, na chini kabisa "nafasi bado zipo, tunapokea miaka 3 hadi 6".

#38 Karani_wa_Kata
Hapo patakuwa na mvutano. Jina na mshale ni maelekezo. "Nafasi bado zipo" ni tangazo la biashara. Na ofisa atasema shule binafsi inatoza ada kwa hiyo si huduma ya jamii kwa maana iliyokusudiwa.

#39 Kijiweni_Mtoni
Hotuba ilisema shule, haikusema shule za serikali. Mtoto wa miaka minne anayefundishwa kushika penseli apewe jina gani kama siyo huduma?

#40 Karani_wa_Kata
Sikatai. Nasema jinsi litakavyosomwa dirishani. Tena kufutiwa ushuru ni habari ya fedha, hakukupi ruhusa ya kona. Hilo la #11 linabaki palepale.

#41 Mwanasheria_Mchanga
Niongeze dogo. Hata kama kibao kipo ndani ya hifadhi kimakosa, utaratibu wa kawaida ni kupewa notisi ya maandishi na muda wa kuondoa mwenyewe. Swali langu kwa Mama Awali: ulipata notisi? Hata stika? Hata X?

#42 Mama_Awali
Hakuna. Fundi gereji naye hakupata.

#43 Kigogo_Luhanga
Kukosekana notisi kunaturudisha kwa vibaka au kwa mtu anayeitaka kona. Serikali ingepiga X kwanza.

#44 Kona_ya_Bwiru
Si lazima. Mimi nakaa kwenye barabara ambayo ni mpaka wa halmashauri mbili. Kibao changu cha duka la vifaa kilipigwa X na watu wa upande mmoja, wiki ileile wa upande wa pili wakaniletea kontroo namba ya kukilipia. Nimelipa, nikakihamishia ukutani. X ipo mpaka leo kwenye bati.

#45 Mpimaji_Mstaafu
Mama Awali, umeshapima? Chukua futi kamba ndefu na mtu wa kukusaidia, asubuhi mapema magari yakiwa machache. Na kwa nini cha baa kimebaki?

#46 Mama_Awali
Tumepima leo na fundi gereji. Kutoka mstari mweupe wa katikati hadi kwenye vipande vya miguu ni mita 19. Nipo ndani hata kwa hesabu ile ya zamani.

Cha baa nimekiangalia vizuri. Kimefungwa kwenye ukuta wa baa yenyewe, kinaning'inia juu ya njia. Sikukiona hivyo mwanzo kwa hasira. Bango la kampuni ya simu nalo nimepima: mita 16.

#47 Mbagala_Zakhem
Wewe 19 umekatwa, wao 16 wamebaki.

#48 Mtu_wa_Mabango
#47 kama wana ile barua ya mwenye barabara, 16 inawezekana. Hifadhi siyo marufuku ya moja kwa moja, ni eneo la kuombea ruhusa, na ruhusa hiyo inaweza kufutwa upanuzi ukija. Sijaiona barua yao, kwa hiyo siwatetei.

#49 Mpimaji_Mstaafu
Na huo mstari mweupe usiuamini kupita kiasi. Barabara ikipanuliwa upande mmoja, mstari unahama, katikati ya kwenye ramani haihami. Unaweza kuwa 19 kwa macho, 24 kwa ramani. Omba mhandisi wa barabara akuonyeshe kwenye mchoro. Tafuta pia zile nguzo fupi za zege za mpaka wa hifadhi, huwa zimefunikwa na takataka.

#50 Fundi_Buza
Kama ni ofisi imechukua, vibao huwa vinarundikwa yadi. Umekwenda kuangalia?

#51 Mama_Awali
Nimekwenda yadi mbili. Moja ina rundo kubwa, vibao vya saluni, vya mafundi, vya mahubiri, hata vya waganga. Nimevipindua karibu vyote na kijana mmoja mwenye roho nzuri. Changu hakipo. Cha gereji KIPO.

#52 Kinyerezi_Mwisho
Eh!

#53 Kona_ya_Bwiru
Sasa hapo hata mimi nimekwama.

#54 Fundi_Buza
Cha gereji miguu yake imekatwaje? Kama nacho ni grainda, ni kikosi kilekile, chako kimepotelea njiani kati ya kona na yadi. Bati zuri la futi nne kwa tatu lina mnunuzi.

#55 Mama_Awali
Cha gereji kimeng'olewa na zege lake lote.

#56 Fundi_Buza
Basi sijui, mama. Hizo ni siku mbili tofauti au watu wawili tofauti.

#57 Bint_Mzizima
Dada, wazazi wanafikaje sasa?

#58 Mama_Awali
Asante kwa kuuliza. Kwa sasa mwalimu mmoja anasimama kona asubuhi na kizibao. Mwenye nyumba ya pembeni, mzee mmoja mstaarabu sana, amenikubalia nichore kwenye ukuta wa uzio wake, jina na mshale tu, hiyo "nafasi bado zipo" naitoa. Nimemwandikia barua ya makubaliano. Nimeandika pia barua ya kuomba sheria ndogo kama alivyoshauri #9, na ya kuuliza habari ya #34. Bint_Mzizima, nimemwambia mchoraji chochote kisitokeze nje ya ukuta.

#59 Karani_wa_Kata
Vizuri. Ila uzio wenyewe upo mita ngapi kutoka katikati?

#60 Mama_Awali
Sijapima. Napima kesho alfajiri.

#61 Tabata_Relini
Na maandishi ya ukutani nayo yanalipiwa ada ya bango, au hiyo inahesabiwa rangi tu?

#62 Kona_ya_Bwiru
Ukuta wako au wa mtu mwingine? Maana kwetu walitofautisha.